Kushusha Giaboksi Uani

Katika gereji za jua kali zilizo kando ya barabara ya Embu hadi Meru, si ajabu giaboksi ya Toyota Probox kushushwa asubuhi, kuoshwa kwa petroli, kurudishwa jioni, na gari likatoka na kelele ile ile lililoingia nayo. Kosa lilikuwa kwenye beringi ya gurudumu, au kwenye sivijointi ya draivushafti, au kwenye mauntingi iliyopasuka mpira. Mwenye gari amelipa ujira wa siku nzima, oili mpya, na sili zilizobadilishwa bila sababu.

Kushusha giaboksi ya gari linalovutwa na magurudumu ya mbele ni kazi inayowezekana nyumbani, ikifanywa na mwenye gari aliyezoea spana au na fundi aliyeitwa uani. Wengi hufanya hivyo kwa sababu gari limekwama kijijini na gharama ya kulivuta hadi mjini inauma. Lakini muda unaotumika kuhakikisha kwamba giaboksi ndiyo yenye kosa, na muda unaotumika kulikinga gari lisimwangukie mtu, una thamani kuliko saa zote za kufungua boliti.

Mafundi wazee wa eneo hili walijifunzia kazi kwenye Peugeot 404 na 504, Datsun 1200 na Land Rover. Katika magari hayo injini imekaa kwa urefu wa gari, giaboksi iko nyuma yake chini ya sakafu, na propela hupeleka nguvu hadi kwenye difu ya nyuma. Fundi alifungua propela, akaondoa krosimemba, kisha akaivuta giaboksi kuelekea nyuma. Miaka ya 1990, biashara ya kuagiza magari ilipolegezwa, magari yaliyotumika Japani yalianza kumiminika kupitia bandari ya Mombasa: Starlet na Corolla kwanza, kisha Vitz, Fielder, Probox, Honda Fit, Mazda Demio na Nissan Note. Ndani ya haya, injini imekingama kutoka upande mmoja wa boneti hadi mwingine, na giaboksi imefungwa ubavuni mwake, upande wa kushoto ambako mara nyingi betri hukaa.

Mpangilio huo ulitoka Ulaya. Alec Issigonis alipounda Mini ya mwaka 1959 aliilaza injini kukingama na kuiweka giaboksi chini yake, zikitumia oili moja. Mwitaliano Dante Giacosa akaja na njia nyingine kwenye Autobianchi Primula ya mwaka 1964, kisha Fiat 128 ya mwaka 1969: giaboksi ikae kwenye ncha ya injini, iwe na oili yake, na draivushafti mbili zenye urefu tofauti zitoke kwenda kila gurudumu. Anayefungua boneti ya Vitz leo katika mtaa wa Makutano mjini Meru anaona wazo la Giacosa.

Kwa fundi wa uani, wazo hilo lina matokeo mawili. Kwanza, giaboksi na difu ziko ndani ya ganda moja, kwa hiyo haitoki mpaka draivushafti zote mbili zichomolewe, na draivushafti hazichomoki mpaka bolijointi na habu za magurudumu ziguswe. Pili, giaboksi ndiyo inayobeba ncha moja ya injini. Ikiondoka, injini inabaki ikining'inia kwa mauntingi za upande wa pili, na kama haikushikiliwa itainama, ikate waya na paipu, au imponde mtu aliye chini.

Tuanze na uchunguzi, kwa kuwa hapo ndipo pesa nyingi hupotelea.

Kelele ya "tak-tak-tak" gari linapokata kona usukani ukiwa umezungushwa hadi mwisho hutoka kwenye sivijointi ya nje, si kwenye giaboksi. Kiungo hicho, kilichobuniwa na Alfred Rzeppa miaka ya 1920, hukaa ndani ya buti la mpira lililojaa grisi; buti likichanika, vumbi na tope la barabara za mashambani huingia na kusaga mipira ya chuma iliyomo. Mvumo unaopanda na kushuka kulingana na mwendo, na unaobadilika gari likiegemea upande mmoja kwenye kona, mara nyingi ni beringi ya gurudumu. Kishindo kimoja cha chini kila dereva anapokanyaga au kuachia mafuta huelekeza kwenye mauntingi. Yote haya hurekebishwa bila kuigusa giaboksi. Hata oili inayovuja pale draivushafti inapoingilia ni sili ndogo tu, na hubadilishwa kwa kuchomoa draivushafti ya upande huo peke yake.

Kwa giaboksi ya mkono, sikio likitulia linasema mengi. Injini ikinguruma gari likiwa nyutro, kelele ipo, na klachi ikikanyagwa kelele inanyamaza: beringi ya shafti ya kuingilia imechoka, na hapo giaboksi itashuka kweli. Kelele ikianza pale klachi inapokanyagwa, ni rilizi beringi. Giaboksi itashuka pia, ingawa yenyewe ni nzima na haina haja ya kufunguliwa. Gia zikikataa kuingia injini ikiwaka lakini zinaingia vizuri ikiwa imezimwa, mtu aangalie kwanza mafuta ya klachi kwenye kikopo chake, silinda ya juu na silinda ya chini. Vitz na Probox za gia za mkono hutumia klachi ya haidroliki, na silinda ya chini inayovuja hufunguliwa kwa boliti chache tu kutoka nje.

Klachi iliyoisha hujulikana kwenye milima, na barabara ya Embu hadi Meru ina milima ya kutosha. Gari linapopanda kutoka bonde la Thuci au la Mutonga, mlio wa injini huongezeka na mwendo hauongezeki, kisha harufu ya kuungua huingia ndani. Kipimo cha uani ni rahisi: gari likiwa mahali tambarare, hendibreki imevutwa na breki ya mguu imekanyagwa, dereva anatia gia ya juu na kuachia klachi taratibu. Injini ikizimika, klachi inashika. Ikiendelea kunguruma, imeisha. Kipimo hiki kifanywe mara moja tu, kwa sababu kila jaribio huchoma kidogo kilichobaki.

Kwa giaboksi otomatiki na zile za CVT, uchunguzi huanza kwenye mafuta. Hapa kuna jambo la kwetu la kuzingatia. Kiwango cha KS 1515 kinazuia kuingiza Kenya gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na waagizaji wengi huleta magari yaliyo karibu na kikomo hicho kwa sababu ndiyo nafuu. Mnunuzi wa Embu anapokea gari lenye umri wa miaka 7, na mara nyingi hana karatasi yoyote inayomwambia mafuta ya giaboksi yalibadilishwa lini na yalikuwa ya aina gani. Kisha gari linaingia kazini. Siku ya kwanza ya kubadilisha mafuta, muuzaji anampa yaliyopo dukani.

Hilo limeua giaboksi nyingi. Otomatiki za zamani za Toyota zenye gia 4, kama zilizo kwenye Probox na Fielder za kwanza, zinataka mafuta ya aina ya T-IV, na za baadaye WS. CVT za Toyota zinataka TC au FE. Nissan hutumia NS-2 au NS-3 kulingana na modeli. CVT ya Honda Fit ya kwanza inataka HMMF. CVT hupitisha nguvu kwa mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili; fikra yake ilianzia kwa Mholanzi Hub van Doorne na gari la DAF la mwaka 1958 lililotumia mikanda ya mpira. Mkanda wa chuma unashika puli kwa msaada wa mafuta yenye msuguano maalumu, na mafuta ya otomatiki ya kawaida hayana msuguano huo. Mkanda huteleza, puli hukwaruzika, na chembe za chuma husambaa hadi kwenye vali zinazoongoza mafuta. Fit ya kwanza inajulikana kwa kutetemeka inapoanza kuondoka; mara nyingine tetemeko hilo huisha kwa kumwaga mafuta yaliyomo na kutia HMMF halisi. Anayeamua kushusha giaboksi kabla ya kujaribu hilo anajitafutia gharama.

Mashine ya kusoma kompyuta ya gari nayo itumike kabla ya spana. Taa ya O/D inayomemeta kwenye dashibodi ni ishara kwamba kompyuta imehifadhi namba za kosa. Solenoidi iliyokufa, swichi ya nyutro iliyolegea au sensa ya mwendo iliyokatika waya hufanya giaboksi nzima ionekane imekufa. Baadhi ya solenoidi hufikiwa kwa kufungua sahani ya mafuta ya chini, giaboksi ikiwa bado mahali pake.

Uchunguzi ukithibitisha kwamba lazima ishuke, jambo la pili ni ardhi.

Udongo mwekundu wa miteremko ya Mlima Kenya ni neema kwa chai na kahawa, na ni adui wa jeki. Mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba huulainisha kiasi kwamba stendi ya chuma huzama polepole bila mtu kuona. Uani kwingi pia kuna mteremko. Gari dogo kama Probox lina uzito wa tani moja hivi, na mbele ndiko kuzito. Kwa hiyo mahali panapofaa ni sakafu ya zege, au ardhi kavu iliyosawazishwa na kuwekewa mbao nene pana chini ya kila stendi. Magurudumu ya nyuma yazuiwe kwa vigingi pande zote mbili. Gari libebwe na stendi mbili madhubuti chini ya sehemu ya chasisi iliyoimarishwa kwa jeki, na jeki yenyewe ibaki kama msaada tu. Likishakaa, lisukumwe kwa nguvu kutoka ubavuni. Likitikisika, lishushwe na kupangwa upya.

Mawe ya kujengea, matofali na rimu za magurudumu visitumike. Jiwe la kuchonga linalobeba ukuta miaka 50 linaweza kupasuka ghafla likiwekewa uzito wa gari kwenye ncha ndogo, na hakuna mlio wa kuonya. Hapa haifai kusema kwa upole: mtu asiye na stendi asianze kazi hii, hata kama amekuwa akibahatika miaka yote. Stendi hukodishwa au kuazimwa kwenye gereji, na gharama yake ni ndogo kuliko kitu kingine chochote katika kazi nzima.

Injini nayo inahitaji kushikiliwa. Mafundi wengi wa vijijini hutundika chenibloku kwenye tawi la mti, na mti ulio karibu mara nyingi ni mukima, ule unaopandwa katikati ya kahawa kwa kivuli na mbao. Mti huo ni mzuri kwa mbao, lakini matawi yake ni mepesi kuvunjika, hata upepo huyaangusha. Afadhali nguzo tatu imara zilizofungwa juu kwa cheni, au bomba nene la chuma lililokingamishwa juu ya kingo za madigadi ya mbele, lenye ndoano ya kushika masikio ya injini. Njia ya tatu ni jeki chini ya sahani ya oili ya injini, katikati kukiwa na ubao mpana ili sahani isibonyee. Njia hii hutumika sana, na udhaifu wake ni kwamba jeki hiyo inakaa mahali ambapo mtu anahitaji kufanyia kazi.

Kimo pia kipimwe mapema. Giaboksi ikishashuka, itatokea chini ya bampa au ubavuni ikiwa juu ya jeki yake, kwa hiyo mbele ya gari iinuliwe vya kutosha, karibu sentimita 50 hadi 60 kwa magari haya madogo. Kugundua hilo giaboksi ikiwa tayari imelala chini kunamaanisha kuinua tena gari ambalo injini yake haijakaa sawa, na huo ndio wakati wa hatari kubwa.

Kazi yenyewe ina mfuatano ambao haubadiliki sana kati ya Vitz, Probox na Fielder. Gari likiwa bado limekanyaga ardhi, nati kubwa za draivushafti hulegezwa, kwa sababu zikiachwa mpaka gari liwe juu, hakuna wa kulizuia gurudumu. Kwa Toyota hizi ni soketi ya 30. Ukingo wa nati uliogongwa kuingia kwenye mfereji wa shafti unyooshwe kwanza kwa chizeli, la sivyo utakata nyuzi za shafti. Kisha waya hasi wa betri unatolewa, halafu chanya, halafu betri na trei yake, na kasha la kichujio cha hewa. Juu ya giaboksi sasa kunaonekana plagi za waya, kebo za gia, stata na, kwa gari la klachi, silinda ya chini. Silinda hiyo ifunguliwe na kufungwa pembeni bila kukata paipu yake, na mtu yeyote asikanyage klachi tangu hapo.

Kila hatua ipigwe picha kwa simu. Boliti za magari haya zinafanana vichwa lakini urefu hutofautiana, na boliti ndefu ikilazimishwa kwenye tundu fupi hutoboa ganda la alumini. Mikebe mitupu ya Kimbo inatosha: mmoja wa stata, mwingine wa mauntingi, mwingine wa boliti zinazounganisha giaboksi na injini.

Gari likishainuliwa na kukalishwa kwenye stendi, oili ya giaboksi humwagwa. Kwa giaboksi ya mkono, nati ya kujazia hufunguliwa kabla ya nati ya kumwagia. Nati ya kujazia ikiwa imeshikwa na kutu na isifunguke, bora ijulikane kabla oili haijatoka. Bolijointi ya chini hutenganishwa na mkono wake kwa boliti moja na nati mbili, habu inavutwa nje, na ncha ya draivushafti inachomoka. Upande wa ndani, shafti hung'olewa kwa mtaimbo mdogo unaoegemea ganda la giaboksi. Kuivuta shafti yenyewe kwa mikono hutenganisha kiungo cha ndani, na vibiringio vyake vikidondokea mchangani kazi inaongezeka siku nzima.

Otomatiki ina hatua ya ziada. Toki konveta imefungwa kwenye sahani ya injini kwa boliti, mara nyingi sita kwa Toyota hizi, zinazofikiwa moja moja kupitia tundu dogo huku injini ikizungushwa kwa spana kwenye boliti ya puli. Zote zikishatoka, konveta isukumwe nyuma iegemee giaboksi, na itoke pamoja nayo. Ikibaki kwenye injini, itaanguka, na mafuta yaliyomo yatamwagika juu ya fundi.

Mauntingi za giaboksi hufunguliwa mwishoni, injini ikiwa imeshikiliwa. Injini inashushwa kidogo upande wa kushoto, boliti za mwisho zinatoka, na giaboksi inavutwa moja kwa moja bila kuinama mpaka shafti yake itoke kabisa katikati ya klachi. Giaboksi ya mkono ya magari haya ina kilo 35 hadi 40. Otomatiki hukaribia 70 na nyingine huzidi. Kuna vijana wanaoipokea kifuani wakiwa wamelala chali. Kazi hii inahitaji jeki pana iliyofungwa mkanda na watu wawili, mmoja akiwa juu na mwingine akiwa pembeni, na wote wawili kichwa na mbavu zikiwa nje ya njia ya kuanguka.

Ikishafika chini, mtu asiwe mbahili wa vitu vidogo. Klachi ibadilishwe seti nzima: pleti, presha pleti na rilizi beringi, hata kama kilichoisha ni kimoja. Sili ya nyuma ya injini, iliyoko nyuma ya flaiwili, ikaguliwe na ibadilishwe ikiwa na dalili ya oili, kwa kuwa haifikiwi kwa njia nyingine. Flaiwili yenye mistari mirefu au madoa ya bluu ya joto ipelekwe kwa fundi wa lathe. Sili mbili za draivushafti zibadilishwe.

Kufungua matumbo ya otomatiki au CVT uani ni jambo jingine kabisa, na ushauri hapa ni mmoja: isifanywe. Njia za mafuta ndani yake ni nyembamba, na chembe moja ya mchanga hukwamisha vali. Kazi hiyo ina mafundi wake wenye meza safi na vipimo. Ndiyo maana wengi huamua kununua giaboksi iliyotumika, ile inayoitwa ya ex-Japan, ama mjini Meru au Embu, ama kwa kuagiza kutoka Kirinyaga Road jijini Nairobi na kuletewa kwa gari la abiria.

Hapo mnunuzi asitosheke na kusema "ya Probox". Probox iliyoanza kuuzwa mwaka 2002 imekuwa na injini za 1300 na 1500, za gia za mkono na otomatiki, za kuvutwa na magurudumu mawili na manne. Na tangu mwaka 2014 imekuwa ikija na CVT. Jina moja, giaboksi nyingi zisizoingiliana. Toyota hubandika kibati kwenye sehemu ya injini au nguzo ya mlango, na kwenye mstari wa TRANS/AXLE kuna namba ya giaboksi, kama U340E. Namba hiyo ndiyo inayopelekwa kwa muuzaji, pamoja na picha za plagi, mabano ya mauntingi na sehemu za sensa. Risiti iandikwe muda wa kurudisha, na giaboksi ya zamani isiuzwe chuma chakavu mpaka hiyo mpya itembee.

Kurudisha ni kinyume cha kushusha, isipokuwa sehemu mbili zinazoharibu kazi ya wengi. Ya kwanza ni pleti ya klachi. Ina upande wa kutazama flaiwili, na lazima ikae katikati kabisa kabla presha pleti haijabana. Kijiti cha kulenga huuzwa na seti nyingi, na kipande cha shafti ya zamani kinafaa pia. Meno ya shafti yapakwe grisi kidogo sana, kwani ikizidi itarushwa kwenye pleti na klachi mpya itateleza siku ya kwanza.

Ya pili ni toki konveta, na ndiyo ghali zaidi. Konveta lazima iingie ndani ya giaboksi hadi mwisho, ikishika shafti na meno ya pampu ya mafuta kwa hatua. Fundi huizungusha huku akiisukuma, na husikia ikidondoka ndani zaidi ya mara moja. Kina chake kipimwe kwa rula iliyonyooka juu ya mdomo wa giaboksi, kilinganishwe na kipimo cha gari hilo. Giaboksi ikiletwa kwenye injini, nyuso mbili zinapaswa kugusana kwa mkono mtupu, na konveta bado iweze kuzunguka kwa uhuru. Pengo likibaki na mtu akalivuta kwa boliti, pampu huvunjika pale pale, na giaboksi nzima aliyoinunua inakuwa mbovu kabla injini haijawashwa.

Boliti zote zianzwe kwa vidole kabla ya spana. Spana ya kipimo itumike, kwani nyuzi za alumini hazisamehe mkono mzito: nati ya draivushafti ya Toyota hizi ni Nm 216, na iwe mpya, kisha ukingo wake ugongwe tena kwenye mfereji. Nati za magurudumu ni Nm 103. Oili ijazwe kabla ya kuwasha. Giaboksi ya mkono huchukua karibu lita 2 za 75W-90 ya daraja la GL-4. Ikiwa paipu ya klachi ilifunguliwa, hewa itolewe.

Fundi aliyeitwa nyumbani aulizwe mapema alijifunzia wapi na magari gani. Wapo waliopitia Meru National Polytechnic, wapo wenye vyeti vya majaribio vya NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, na wapo hodari waliofunzwa gereji bila karatasi. Lililo muhimu ni makubaliano kabla ya kazi: ujira, nani ananunua spea, na kwamba vipuri vya zamani vinabaki kwa mwenye gari.

Jaribio la kwanza lifanywe magurudumu yakiwa hewani na gari likiwa kwenye stendi, gia zote zikipitiwa moja moja. Kisha barabara tambarare, mwendo mdogo. Gari lililotoka kufungwa lisipelekwe mteremkoni siku hiyo. Daraja la Nithi, kati ya Chuka na Chogoria, lina miteremko mikali pande zote. Julai 2022 basi lilitumbukia hapo na watu zaidi ya 30 wakafa. Katika mteremko kama ule dereva hutegemea gia ya chini kusaidia breki, na giaboksi ambayo haijathibitishwa haiwezi kutegemewa. Baada ya siku mbili tatu za kawaida, boliti za mauntingi zikazwe tena na sili zikaguliwe, halafu safari ndefu zifuate.

Inabaki oili iliyomwagwa. Uani kwingi humiminwa kwenye mfereji, au hupakwa kwenye nguzo za ua kuzuia mchwa. Kanuni za usimamizi wa taka za mwaka 2006 zinaihesabu oili chafu kuwa taka hatari, na mifereji ya Embu huishia mto Rupingazi, ya Meru mto Kathita, mito yote miwili ikielekea Tana, na kuna watu wanaonyunyizia mboga kwa maji hayo. Wasomaji wanaombwa waikusanye kwenye mtungi wenye kifuniko na kuipeleka kwenye gereji au kituo cha mafuta kinachokusanya oili chafu kwa ajili ya wanaoisafisha upya.